Maneno ya stempu na historia ya posta: mwongozo kamili wa kusoma stempu na bahasha yake

Watu wengi wanaoanza kukusanya stempu wanakwama sehemu ile ile, wanafungua katalogi au tangazo la mnada wanakuta nyota mbili, namba 14 x 15, sijui ovaprinti imepinduka, sijui imefungwa na muhuri, wanafunga wanaenda kulala. Sasa sitakupa kamusi ya A mpaka Z maana utaisahau kesho. Maneno nimeyapanga kwa njia ambayo macho yako yanatakiwa yapite kwenye kitu chenyewe: mbele, pembeni, nyuma, hali yake, muhuri, halafu bahasha. Neno linakuja pale unapolihitaji.

Na kuna sheria moja inatangulia zote: usiloweke chochote kwenye maji kabla hujamaliza kusoma bahasha. Thamani kubwa iliyopotea kwenye hobi hii haikuibiwa wala haikuungua, imeishia kwenye beseni.

Hatua ya 1: jua unakusanya nini hasa

Filatelia ni jina la jumla la mambo yote haya. Ndani yake kuna kambi. Kuna wanaokusanya kwa nchi, wanataka kila stempu iliyotoka. Kuna wa mada, yaani stempu za ndege, za meli, za mpira, haijalishi zimetoka wapi. Halafu kuna watu wa historia ya posta, hawa stempu kwao ni risiti tu, wanachotaka kujua ni barua ilitoka wapi, ikapita wapi, ililipiwa shilingi ngapi na kwa nini kiasi hicho, ilichukua muda gani, nani aliifungua njiani.

Tofauti hiyo sio ya maneno tu, inabadilisha bei. Mauritius walitoa stempu 2 mwaka 1847 zenye maandishi "Post Office", ya peni 1 na ya peni 2, na zilizobaki duniani hazifiki hata 30. Lakini kitu ambacho wakubwa wa hobi wanakiota ni barua moja iliyotumwa kwa mfanyabiashara wa mvinyo huko Bordeaux, ina stempu zote 2 zimebandikwa pamoja juu ya bahasha yake. Mtu angezibandua akazipanga vizuri kwenye albamu, angebaki na stempu 2 za bei mbaya, ila ile barua ndo ingekuwa imekufa.

Hatua ya 2: vifaa

Hapa sitakaa sana. Unahitaji kibano chenye ncha bapa (sio kile cha nyusi, kinatoboa), lenzi ya kukuza mara 10, kipima meno (kipimo cha vitobo vya pembeni ya stempu), trei ndogo nyeusi, na stokbuku, yaani kitabu chenye mifuko ya kuchomeka stempu bila gundi. Taa ya UV itakuja baadaye. Vidole vina mafuta, mafuta yanaacha madoa kwenye gundi, kwa hiyo zoea kibano tangu siku ya kwanza hata kwa stempu za bei ya bure. Mifuko ya plastiki laini ya PVC iepuke, inatoa kemikali zinazokula rangi na gundi polepole, tafuta ya poliesta.

Hatua ya 3: soma mbele

Anza na nchi. Uingereza hawaandiki jina la nchi kwenye stempu zao, wanaweka kichwa cha mfalme au malkia tu, na ni kwa sababu wao ndo walianza. Penny Black, stempu yao ya kwanza, ilianza kuuzwa tarehe 1 Mei 1840 na kutumika rasmi tarehe 6 Mei, wakati huo hakukuwa na nchi nyingine ya kujitofautisha nayo. Wengine wote wanaandika, ila wengi wanaandika kwa lugha yao: "Helvetia" (hiki ni Kilatini) ni Uswisi, "Magyar" ni Hungaria, "Suomi" ni Ufini, "Sverige" ni Uswidi, "Hellas" ni Ugiriki, "Norge" ni Norwei. Ukiyajua haya 6 umeshapunguza nusu ya lile rundo la "stempu nisizozijua".

Kisha aina. Stempu za kawaida ni zile zinazochapwa tena na tena kwa miaka, ndogo, mara nyingi zina kichwa cha mtawala au picha moja kwa thamani nyingi. Watu wanazidharau, na mimi naona ndo tamu kuliko zote kwa sababu kila mara zilipochapwa upya kitu kidogo kilibadilika, rangi, karatasi, meno. Stempu za kumbukumbu zinatoka mara moja kwa tukio fulani. Stempu za hisani zina thamani 2, mfano 10+5, yaani 10 ya posta na 5 ya mchango. Stempu za deni zinabandikwa na posta yenyewe pale barua inapokuja haijalipiwa ya kutosha. Stempu za serikali ni za ofisi za umma. Shiti ndogo ya ukumbusho ni kile kikaratasi kizuri chenye stempu 1 au chache katikati na mapambo pembeni, kimetengenezwa kuuziwa wakusanyaji kuliko kutuma barua, tuseme ukweli.

Halafu chukua lenzi uangalie ilivyochapwa. Kuna njia 4 utakazokutana nazo sana:

- Mchoro wa kuchimba: mistari imechongwa kwenye bamba la chuma, wino unakaa ndani ya mifereji. Ukipitisha ukucha taratibu unausikia wino umeinuka. Penny Black ni hii.
- Leta ya juu: wino unakaa kwenye sehemu iliyoinuka kama mhuri wa ofisini, kwa hiyo kingo za rangi zinakuwa na wino uliojikusanya na wakati mwingine nyuma ya karatasi unaona umebonyea.
- Litografia: rangi imelala bapa kabisa, kingo laini.
- Fotogravya: picha imetengenezwa na vitone vidogo sana vilivyopangika. Bavaria walitoa stempu za namna hii mwaka 1914, ndo za mwanzo.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu stempu 2 zinazofanana kabisa kwa macho zinaweza kuwa na namba tofauti za katalogi kisa njia ya kuchapa tu, moja bei ya soda nyingine bei ya simu.

Hatua ya 4: pembeni, yaani meno

Stempu za kwanza hazikuwa na matobo, karani alikuwa anakata na mkasi. Hizi tunaziita za bila meno, na kipimo cha ubora wake ni pambizo: je, upande wote 4 kuna karatasi nyeupe nje ya mchoro, au mkasi umekula picha? Ukisikia "pambizo 4" ujue ni sifa kubwa. Mashine ya kutoboa ilibuniwa na Henry Archer miaka ya mwisho ya 1840, Uingereza wakaanza kutoa rasmi stempu zenye meno mwaka 1854.

Sasa ile namba. Meno yanahesabiwa ndani ya sentimita 2, basi. Ukisoma "14" maana yake meno 14 kila sentimita 2 pande zote. Ukisoma "14 x 15", namba ya kwanza ni juu na chini, ya pili ni ubavuni, daima hivyo. Kipimo hiki alikianzisha Mfaransa Legrand mwaka 1866 na mpaka leo hakijabadilika. Unalaza stempu juu ya kipima meno, unaisogeza mpaka vitone viingie kwenye matobo yote bila kuachana, unasoma namba. Usikadirie, nusu jino lina maana.

Angalia na kona. Mashine ya mstari inatoboa upande mmoja kwa wakati, kwa hiyo kwenye kona matobo yanagongana vibaya na stempu jirani zinatofautiana ukubwa kidogo. Mashine ya kitana inatoboa pande 3 kwa pigo moja, kona zinatoka safi. Kuna pia chaneta, hapo karatasi imechanjwa vistari bila kutolewa tobo. Na stempu yenye meno pande 2 tu huku 2 nyingine zikiwa zimenyooka, usiitupe ukidhani imekatwa, inaweza kuwa imetoka kwenye roli la mashine ya kuuzia au kwenye kijitabu.

Ukikuta vitobo katikati ya stempu vinavyounda herufi, hiyo sio uharibifu. Makampuni yalikuwa yanatoboa vifupisho vya majina yao ili wafanyakazi wasiibe stempu za ofisi wakaziuza. Zamani watu walizitupa, leo kuna wanaokusanya hizo tu.

Hatua ya 5: nyuma

Geuza. Nyuma kuna vitu 3: gundi, alama ya maji, na alama za walioishika kabla yako.

Alama ya maji ni mchoro uliotiwa ndani ya karatasi wakati inatengenezwa, sehemu hiyo karatasi ni nyembamba kidogo. Weka stempu kifudifudi kwenye trei nyeusi, mara nyingi inaonekana hapo hapo. Ikigoma, wanatumia kimiminika maalumu kinachokauka bila kugusa gundi, tone moja na alama inajitokeza kwa sekunde chache. Fanya dirisha likiwa wazi na mbali na moto, na usitumie kwenye stempu za fotogravya bila kuhakikisha kwanza, baadhi ya wino zake zinayeyuka.

Penny Black ina taji dogo. Makoloni mengi ya Uingereza yana taji na herufi CC, kuanzia 1882 taji na CA, kuanzia 1904 taji na CA zilizorudiwa rudiwa karatasi nzima, na kuanzia 1921 CA imeandikwa kwa mwandiko wa kuunganisha. Yaani stempu moja, mchoro ule ule, thamani ile ile, unaijua ya miaka gani kwa kuangalia nyuma tu. Alama inaweza kuwa imepinduka kichwa chini au imelala ubavu, katalogi inazitaja tofauti na bei inapanda.

Bawaba ni kile kikaratasi kidogo chenye gundi kilichotumika zamani kushikiza stempu kwenye albamu. Kikitolewa kinaacha kovu kwenye gundi. Ni jambo la kawaida kabisa kwa stempu za zamani, ila kwa mpya ni shida, tutaona kwenye hali. Stempu ya bei shikiza na maunti, kimfuko cha plastiki safi chenye mgongo mweusi.

Hatua ya 6: zikiwa kundi

Haya ni mepesi. Shiti ni karatasi nzima kama ilivyouzwa posta. Bloku ni stempu 4 au zaidi zimeshikana kwa mraba, pea ni 2, stripu ni 3 na kuendelea kwenye mstari. Se-tenanti ni stempu zenye picha tofauti zilizochapwa zikiwa zimeshikana. Tete-besh ni pea ambayo moja imesimama na nyingine kichwa chini. Ukipewa zikiwa zimeshikana usizitenganishe hata kama mnagawana na rafiki.

Penny Black ilichapwa shiti ya stempu 240, safu 20 za stempu 12, na kila stempu ina herufi 2 kwenye kona za chini, kuanzia AA mpaka TL. Herufi zinakuambia ilikaa wapi kwenye shiti, na dosari ndogo ndogo za mchoro zinakuambia ilitoka bamba lipi kati ya mabamba 11. Kazi ya kurudisha stempu moja moja kwenye nafasi yake inaitwa kupanga bamba, kuna watu wamezeekea humo na wana furaha.

Hatua ya 7: maandishi ya juu na makosa

Ovaprinti ni maandishi yaliyochapwa juu ya stempu ambayo tayari ilikuwepo. Zanzibar walianza hivi mwaka 1895, walichukua stempu za India wakachapa jina lao juu. Kama maandishi yanabadilisha thamani, inaitwa sachaji. Ujerumani mwaka 1923, pesa ilipoporomoka, posta ilikuwa inachapa thamani mpya juu ya za zamani mbio mbio na bado ilishindwa kuwahi bei, mpaka ikafika stempu ya mark bilioni 50. Hapa kuna mtego mzuri: stempu nyingi za kipindi hicho zikiwa mpya ni rahisi kama karanga, lakini zilizotumika kweli kwenye barua ni za bei kwa sababu zilitumika siku chache tu. Kwa hiyo walaghai wanachukua mpya wanazigonga mihuri ya uongo. Zinazouzwa kwa bei zinatakiwa ziwe na saini ya mhakiki.

Kosa na dosari ni vitu 2. Dosari ni kidoa cha wino, jino lililoruka, kitu kilichotokea mara moja. Kosa ni pale mchakato wenyewe umeenda vibaya na unajirudia: rangi siyo, katikati pamepinduka, karatasi siyo. Maarufu ni ile ya Marekani ya senti 24 ya mwaka 1918, Inverted Jenny, fremu nyekundu na ndege ya buluu zilichapwa kwa awamu 2, shiti moja ya stempu 100 ikaingizwa kinyume, ikauzwa dirishani kwa mteja mmoja. Katikati ya kosa na dosari kuna tofauti ya bamba, mfano herufi iliyovunjika ambayo inarudi sehemu ile ile kwenye kila shiti. Muuzaji akikuambia "kosa adimu" muulize linajirudia? Akishindwa kujibu, ni dosari.

Hatua ya 8: hali, na zile nyota

Hapa ndo pesa ilipo kwa hiyo soma taratibu. Kwenye katalogi na minada:

-  ** (nyota 2): haijatumika, gundi yake ya asili iko kamili, haijawahi kuguswa na bawaba. Wengine wanaandika MNH.
- * (nyota 1): haijatumika, ina gundi ila ina kovu la bawaba. Au MH.
- (*) nyota ndani ya mabano: haijatumika, haina gundi.
- Duara lenye nukta: imetumika.
- Picha ya bahasha: bei ni ya stempu ikiwa juu ya bahasha yake.

Baada ya hapo kuna mahali mchoro ulipokaa. Stempu ikiwa na nafasi sawa pande zote tunasema imekaa katikati, ikiwa meno yamekula mchoro upande mmoja bei inashuka, hata kama kila kitu kingine ni safi.

Halafu kasoro. Kukwanguka ni pale nyuma ya karatasi pamechubuka pakawa pembamba, kwa kawaida kwa sababu ya mtu kung'oa bawaba kwa nguvu, inua kwenye mwanga utaona pameng'aa. Mkunjo, kona butu, jino fupi, madoa ya kahawia ya unyevu, rangi iliyopauka kwa jua. Yote haya yanatakiwa yatajwe na muuzaji, na asipotaja una haki ya kurudisha.

Ila hali sio kila kitu. Stempu ya British Guiana ya senti 1 ya mwaka 1856 imekatwa kona, imechakaa, huwezi hata kuona mchoro vizuri, na mwaka 2014 iliuzwa karibu dola milioni 9.5, kwa sababu iko moja tu inayojulikana. Hali inapanga bei pale ambapo kuna nyingi za kuchagua.

Kingine, bei ya katalogi sio bei ya sokoni. Katalogi za Stanley Gibbons, Scott, Michel na Yvert kila moja ina namba zake na bei zake, na bei hizo ni za stempu nzuri isiyo na kasoro kutoka kwa muuzaji mwenye duka. Ukitaja namba taja na katalogi, "namba 25" peke yake haimaanishi kitu.

Hatua ya 9: muhuri

Muhuri wa kufuta kazi yake ni kuzuia stempu isitumike tena, unaweza usiwe na jina wala tarehe, ni mistari au nukta tu. Muhuri wa tarehe una mahali na siku. Pacha ni vyote 2 vimeunganishwa kwenye mpini mmoja, tarehe inaangukia kwenye bahasha na mistari inaangukia kwenye stempu. Muhuri wa mashine una mawimbi au tangazo. Kwenye Penny Black walitumia msalaba wa Malta kwa wino mwekundu, watu wakagundua wino ule unafutika, kwa hiyo mwaka 1841 wakageuza: muhuri ukawa mweusi na stempu ikawa nyekundu. Unaona, rangi ya stempu imebadilika kwa ajili ya muhuri.

Maneno ya kujua: stempu "imefungwa" maana yake muhuri umepita juu ya stempu na kuendelea kwenye bahasha, ni ushahidi kwamba vilianza safari pamoja. "Juu ya kipande" ni stempu iliyobaki na kipande cha bahasha chenye muhuri wote. "Nusu" ni stempu iliyokatwa katikati kwa ruhusa ya posta wakati thamani ndogo zimeisha, na nusu isiyofungwa na muhuri juu ya bahasha haina maana, mkasi kila mtu anao.

CTO ni stempu iliyopigwa muhuri kwa oda bila kutumwa popote. Posta inagonga shiti nzima na kuwauzia wafanyabiashara kwa bei ndogo. Utaitambua fasta: muhuri uko kona moja msafi mno, ukigeuza gundi bado ipo. Sio feki, ila usilipe bei ya iliyotumika kweli.

"Paquebot" ni muhuri wa barua iliyowekwa posta ndani ya meli, kwa hiyo usishangae kuona stempu ya nchi moja na muhuri wa bandari ya nchi nyingine.

Hatua ya 10: bahasha, kaa hapa muda mrefu

Weka bahasha mezani jiulize maswali haya kwa mpangilio. Imetoka wapi na lini? Muhuri wa mbele. Imefika lini? Geuza, muhuri wa nyuma ndo wa kupita au wa kufika, zamani karibu kila barua ya nje ilikuwa nao. Panga tarehe zote kwenye mstari, hapo umepata njia yake.

Ililipiwa kiasi gani na kwa nini? Jumlisha stempu zote, linganisha na ada ya wakati huo kwa uzito na umbali huo. Ikilingana, umepata kitu kizuri. Ikizidi sana na stempu ni seti nzima imepangwa kwa uzuri, ilitengenezwa na mkusanyaji mwenzako ajitumie. Ikipungua, tafuta herufi T na namba pembeni yake: T ni deni, na kwa miaka mingi kanuni ya kimataifa ilikuwa mpokeaji analipa mara 2 ya upungufu. Kanuni hizi zimetoka Umoja wa Posta Duniani ulioanzishwa Bern mwaka 1874, na Kifaransa ndo lugha yake rasmi, ndo maana bahasha ya nchi yoyote ina "Recommandé" kwa rejista, "Exprès" kwa ya haraka, "Inconnu" mpokeaji hajulikani, "Refusé" amekataa, "Retour" imerudishwa.

Ukipata barua ambayo haina bahasha wala stempu, karatasi imekunjwa tu na anwani nje, usiitupe. Kabla ya 1840 ndivyo ilivyokuwa, na kwa kawaida aliyelipa ni mpokeaji. Uingereza walitoza kwa umbali na idadi ya karatasi, bahasha ingehesabika kama karatasi ya pili, kwa hiyo watu walikunja barua yenyewe, na wengine walimaliza ukurasa wakaugeuza wakaandika tena kukatiza mistari ya kwanza. Namba kubwa ya kalamu mbele ndo bei.

Kisha alama za njiani. Kistari cha kuchanjwa au vitobo kwenye barua ya zamani ni dawa: waliogopa kipindupindu wakapitisha moshi ndani. Utepe wenye "Opened by Examiner" na namba ni ukaguzi wa vita wa Waingereza. Wa Kijerumani una "Geöffnet", na herufi ndogo kwenye muhuri inataja mji wa ofisi ya ukaguzi, mfano b ni Berlin. Bahasha iliyoungua kingo na ikawa na maelezo ya posta ni barua ya ajali, kama zile chache zilizookolewa Hindenburg, ile ndege kubwa ya gesi ya Wajerumani, ilipoungua Mei 1937. Barua ya ndege nayo ina tawi lake, safari ya kwanza rasmi ilikuwa Februari 1911 India, rubani Henri Pequet alibeba barua karibu 6,500 kutoka Allahabad kwenda Naini, kilomita chache tu kuvuka mto.

Bahasha ya siku ya kwanza ni ile yenye stempu mpya na muhuri wa siku ilipotoka, na mchoro wa pambo upande wa kushoto. Za zamani ni nzuri. Za miaka ya karibuni zipo kwa mamilioni, nunua kwa kupenda picha tu.

Hatua ya 11: sasa unaweza kuloweka

Kama bahasha imesomwa na haina kitu, kata kipande kuzunguka stempu ukiacha nafasi, weka kwenye maji ya kawaida au vuguvugu, sio moto, kwa dakika 15 hadi 20 mpaka stempu ielee yenyewe. Usivute. Suuza nyuma, laza kifudifudi kwenye karatasi ya kunyonya, ikikauka ibane chini ya vitabu.

Tenga kabla: vipande vya bahasha ya rangi (vinachuja na kupaka wenzake), vyenye anwani ya wino wa zambarau, na stempu nyingi za zamani za kijani na zambarau za Uingereza na makoloni yake. Hizi za mwisho wino wake ulitengenezwa makusudi uyeyuke kwenye maji, ili mtu akijaribu kuosha muhuri atumie tena stempu iharibike. Unaloweka rangi inapotea na hairudi. Na zile za kujibandika za kisasa, nyingi haziachii kwa maji kabisa, kata ziache na karatasi yake.

Hatua ya 12: feki na ndugu zake

Sio kila kisicho halisi ni feki. Chapa upya ni kazi ya posta au wenye bamba la asili waliochapa tena baadaye. Sinderela ni kitu kinachofanana na stempu ila hakilipi posta, kama stika za Krismasi zilizoanza Denmark mwaka 1904 kuchangia watoto wagonjwa, na zina wakusanyaji wake. Feki ya kudanganya posta ni tofauti na feki ya kudanganya mkusanyaji, na ile ya kwanza ikiwa imepita kweli kwenye barua inaweza kuwa ghali kuliko stempu halisi.

Kinachokuhusu zaidi ni stempu halisi iliyofanyiwa ukarabati. Gundi mpya: angalia ncha za meno kwa lenzi, nyuzi za karatasi zikiwa zimeganda na gundi ujue imepakwa baadaye, maana ya asili ilipakwa kabla ya kutoboa. Meno mapya: upande mmoja umenyooka kupita wenzake. Muhuri uliooshwa: hapa taa ya UV inaonyesha kivuli chake, na kiraka pia kinajianika.

Mfalme wa mambo haya alikuwa Jean de Sperati. Alichukua stempu halisi ya bei ndogo, akafuta mchoro kwa kemikali akiacha karatasi na muhuri wa kweli, kisha akachapa juu yake mchoro wa stempu ya bei kubwa. Mwaka 1942 forodha ya Ufaransa ilimkamata kwa kutorosha stempu za thamani nje ya nchi, akajitetea kwamba ni feki zake mwenyewe, na wataalamu walioitwa wakasema hapana, ni halisi. Kwa hiyo alama ya maji sahihi na muhuri sahihi havitoshi, kwa kitu cha bei dai cheti cha mhakiki chenye picha ya stempu hiyo hiyo, ulinganishe jino kwa jino na nafasi ya muhuri.

Hatua ya 13: andika

Chini ya kila kitu kwenye albamu andika kwa penseli, kamwe sio kalamu: nchi, mwaka, katalogi na namba, meno, alama ya maji, hali. Kwa bahasha ongeza njia na tarehe zake, ada na sababu ya ada. Kwa mfano: "Zanzibar 1895, ovaprinti juu ya India, imetumika, imefungwa na muhuri juu ya kipande, kona ya chini kulia butu." Usiandike nyuma ya stempu wala kwenye bahasha yenyewe hata kwa penseli laini. Albamu isimame wima kama kitabu, usizilaze moja juu ya nyingine, uzito na unyevu vinagandisha gundi kwenye karatasi, na ikishaganda zile nyota 2 zimeondoka.